Je, Uskauti Wawafaa Vijana Wetu?

Majuzi nilipigiwa simu na mpwa wangu akaaye Kitengela. Baada ya salamu na kuulizana hali za watu wa nyumbani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, tuna shauri limetushinda. Mjukuu wako ataka kuingia uskauti. Babake amekubali, maalim wake wa chuoni amekataa, nami nimekaa kama kinu kati ya michi miwili. Njoo utuamulie."

Kwanza nilicheka. Niliona si jambo la kumtoa mzee Mombasa. Lakini nilipolala usiku ule nilikumbuka kwamba swali hilo hilo nimelisikia hapa kwetu mara nyingi, barazani na hata baada ya sala. Mzazi hupokea barua ya skuli kwamba mtoto amechaguliwa kuwa skauti, naye hajui kama atie sahihi au aikunje aiweke. Huyu husema ni mambo ya kanisani, yule husema ni mambo ya serikali, na wa tatu husema ni mchezo tu wa kamba na moto. Basi nikaona nende, nikatazame kwa macho yangu.

Siku hizi safari si taabu. Nilipanda gari moshi la Madaraka, lile lisimamalo njiani, nikashuka kituo cha Athi River. Shemeji yenu, mume wa mpwa wangu, alinipokea akanipeleka Kitengela, mji ambao wazee wa huko bado huuita Noonkopir. Aliyeujua mji huo zamani hataujua leo. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwapata watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 iliwapata 1,117,840. Katika miaka kumi watu zaidi ya laki nne wameongezeka, na wengi wao wamejazana upande huu wa karibu na Nairobi. Ardhi iliyokuwa malisho ya pamoja iligawanywa mwaka 1988, kila mwenye haki akapata kipande chake, na tangu hapo vipande vimekatwa vipande tena vikauzwa. Mahali walipopita nyumbu na punda milia kutoka mbuga ya Nairobi, leo pana ukuta wa mawe na lango la chuma.

Entarara, alikokuwa akienda mjukuu wangu kuwatazama wenzake maskauti, ni upande huo wa Kitengela na Kajiado. Nyumba mpya za watu waliohamia ziko jirani na maboma ya Wamasai. Waliohamia ni Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo, Wakisii, Wasomali, na sisi watu wa pwani tumo. Watu hawa hupakana ua kwa ua, lakini hawajuani. Mhamiaji hulalamika mbuzi wamekula mboga zake. Mmasai hulalamika njia ya mifugo imezibwa. Kila mmoja husema kweli yake akiwa ndani ya ua wake.

Kabla ya kwenda kuwaona watoto, nilikwenda kumwamkia maalim. Ni mtu mstahiki, amesoma, na hoja zake alizitoa kwa utaratibu. Kwanza, alisema, chama hiki kilianzishwa na askari wa Kiingereza, na maskauti huenda kila mwaka kwenye kaburi lake huko Nyeri. Pili, mkutano wao ni Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi ndiyo siku kubwa ya chuo kwa watoto wanaosoma skuli za serikali. Tatu, yeye hajaona faida yake ila kuvaa sare na kupiga hatua mbele ya wakubwa. "Mzee wangu," akaniambia, "mtoto ana saa chache. Nani azichukue?"

Nakiri kwamba hoja ya tatu ilinigusa, kwa sababu nami niliwahi kuwa skauti nilipokuwa mtoto, katika miaka ya sitini. Tulifundishwa mafundo manne ya kamba na jinsi ya kufunga jeraha. Lakini nikikumbuka vyema, siku nyingi tulizitumia kusimama kando ya barabara katika jua kali, tukingojea mkubwa fulani apite. Akipita tunampigia saluti, kisha twarudi nyumbani na kiu. Hapana mzee yeyote wa mtaani aliyewahi kufaidika na saluti yangu. Kwa hiyo sikwenda Entarara kama mpenzi wa uskauti. Nilikwenda kama mtu anayejua ubovu wake.

Sasa tuzitazame hoja za maalim moja moja, kwa haki.

Ni kweli kwamba mwanzilishi alikuwa askari. Robert Baden-Powell alizingirwa na Makaburu katika mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, mwaka 1899 hadi 1900, na huko aliona jinsi wavulana wadogo walivyoweza kupeleka barua na kutumwa kazi za maana. Mwezi wa Agosti 1907 alichukua wavulana wapatao ishirini, wengine wana wa matajiri na wengine wana wa wafanyakazi, akawapeleka katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwagawa katika vikosi vinne vidogo, kila kikosi na kiongozi wake mtoto. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake, na mambo yakaenea. Kenya uskauti ulifika mwaka 1910. Mzee huyo mwenyewe alikuja kumalizia umri wake Nyeri, akafa tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe la kaburi lake pana alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti maana yake ni kwamba mwenye kuiacha amekwisha kwenda nyumbani. Kila mwezi wa Februari maskauti hukusanyika huko kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Basi mzazi ambaye hataki mwanawe ashiriki ziara hiyo, na aseme hivyo mapema. Kazi ya skauti mtaani kwake haitegemei safari ya Nyeri.

Na ni kweli pia kwamba serikali ya kikoloni iliutumia uskauti kwa faida yake. Wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya hamsini, vijana waliokamatwa kwa ajili ya Mau Mau waliwekwa kambi ya Wamumu, na uskauti ulikuwa mmoja wa mitambo ya kuwageuza nia. Lakini tazameni jinsi mambo yanavyogeuka. Geoffrey Griffin, aliyefanya kazi na vijana hao wa Wamumu, ndiye aliyeanzisha pamoja na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kituo cha Starehe, Nairobi, mwaka 1959, kuwaokoa watoto wa mitaani. Chombo kimoja kilitumika kwanza kutiisha, kisha maarifa yake yakatumika kulea.

Mfano mkubwa zaidi uko Aljeria. Huko kijana mmoja, Mohamed Bouras, aliunda maskauti wa Kiislamu katika miaka ya thelathini, akiwa amechoka kuona vijana wa nchi yake wamepangwa nyuma ya bendera ya Ufaransa. Wafaransa walimpiga risasi tarehe 27 Mei 1941. Miaka minne baadaye, tarehe 8 Mei 1945, katika mji wa Sétif, kijana skauti Bouzid Saâl aliuawa akiwa ameshika bendera ya Aljeria. Wengi waliopigania uhuru wa nchi ile walikuwa wamepitia katika uskauti. Na kule Saudia, waliojaaliwa kwenda Hija watakuwa wamewaona: vijana wa skauti wanaosimama Mina na Arafa kuwaongoza mahujaji waliopotea hema zao. Bibi kizee wa Lamu aliyepotea katika umati hamuulizi kijana yule chama chake kilianzishwa na nani. Humwombea dua.

Tena sisi watu wa pwani tusijifanye kwamba sare na tarumbeta ni vitu vigeni kwetu. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walikuwa na ngoma ya beni tangu miaka ya tisini ya karne ya kumi na tisa. Mombasa walikuwako Kingi na Skochi, kila upande na vyeo vyake, magwaride yake na mavazi ya kuiga manowari na majeshi ya Wazungu. Yalikuwamo mashindano na fujo, sikatai. Lakini yalikuwamo pia masikilizano ya kuzikana na kusaidiana. Sare haikuwafanya wazee wale kuwa Wazungu. Waliijaza mambo yao wenyewe.

Kwa hiyo, kwa hoja ya kwanza, jawabu langu ni kwamba chombo ni chombo. Swali ni kimepakia nini. Ahadi ya skauti humtaka mtoto atimize wajibu wake kwa Mungu, kila mmoja kwa dini yake, kisha kwa nchi na kwa jirani. Hakuna skauti anayepaswa kuimba wimbo wa dini isiyo yake. Pale inapotokea, mzazi ana haki ya kukataa, na anayo haki ya kusikizwa.

Hoja ya pili sikuijibu, kwa sababu ni ya haki kabisa. Niliiweka mpaka nionane na mwalimu wa maskauti.

Siku ya Jumamosi tulipanda bodaboda mimi na mjukuu wangu mpaka Entarara. Tulikuta watoto wapatao thelathini chini ya mti wa mgunga, wengine na skafu shingoni, wengine hawana. Mwalimu wao ni binti wa Kikamba, mpole lakini hana mchezo. Aliwaita kwa majina ya madaraja yao, nami nikafurahi kusikia Kiswahili: wadogo kabisa ni Sungura, wanaofuata ni Chipukizi, wenye umri wa shule ya sekondari ni Mwamba, na waliokwisha pita miaka 18 ni Jasiri. Mjukuu wangu, kwa miaka yake 12, angekuwa Chipukizi.

Nilingoja kuona gwaride. Hapakuwa na gwaride. Waligawanyika vikosi vya watu sita au saba, na kila kikosi kikaenda kazini. Kimoja kiliokota karatasi za nailoni kando ya njia ya mbuzi. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini karatasi za mikate na za biskuti zingaliko, na upepo wa uwanda huzipeleka kila mahali. Kikosi kingine kilikwenda kwa bibi mmoja mgonjwa kumtekea maji. Cha tatu kilikwenda kwenye miche ya miti iliyopandwa ukingoni mwa uwanja wa skuli.

Habari ya miche hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kitako. Mwalimu alinieleza kwamba mara ya kwanza miti ilipandwa kwa shangwe. Walikuja wageni, zikapigwa picha, kila mmoja akashika koleo, wakaondoka. Baada ya miezi michache karibu yote ilikuwa imekufa, nusu kwa jua, nusu kwa mbuzi. Ndipo mzee mmoja wa Kimasai, jirani wa skuli, alipokuja akamwambia, "Mwalimu, nyinyi mwapanda mkaondoka. Mti ni kama ndama. Ukimzaa, ulale naye."

Mzee yule aliwafundisha watoto kuzungushia kila mche boma la miiba mikavu, kama wanavyozungushia mifugo yao. Aliwaonyesha miti ambayo mbuzi huipenda na ambayo huiacha. Mwalimu naye akampa kila mtoto mti wake mmoja, na kila mtoto hubeba kutoka nyumbani kidumu cha maji yaliyokwisha tumika kuoshea vyombo. Nilipita nikiitazama miche ya safari ya pili. Zaidi ya nusu ilikuwa hai.

Nilimkuta mzee mwenyewe amesimama kwa fimbo yake. Nikamwuliza, "Mzee mwenzangu, watoto hawa wakufaa nini?" Akanijibu kwamba mwaka uliopita alichinja mbuzi aliyekuwa akikonda bila ugonjwa, na alipompasua tumbo akakuta donge la nailoni kubwa kama kichwa cha mtoto. Sasa njia ile ni safi. Kisha akaongeza neno ambalo silisahau: "Zamani watoto wa nyumba hizi wakiniona walikimbia. Sasa huniita babu."

Wasomaji wapenzi, nadhani hapo ndipo palipo na kiini cha jambo hili. Tunaposikia maneno "maendeleo ya jamii" twafikiri barabara, mfereji na umeme. Hayo ni kazi ya serikali, na si haki kumwachia mtoto wa miaka 12. Skauti hawezi kuleta mfereji Entarara, wala hawezi kumpatia kakake kazi. Anayesema anaweza, humvika kijana kilemba cha ukoka. Lakini liko jambo ambalo serikali haiwezi kulileta kwa lori, nalo ni kuwafanya majirani wajuane na waaminiane. Mtoto wa Kikisii, mtoto wa Kisomali na mtoto wa Kimasai waliolinda mti mmoja kwa mwaka mzima watakapokuwa watu wazima, wakigombania mpaka au njia ya ng'ombe, watakuwa na mahali pa kuanzia maneno.

Na jambo hili lina uzito leo kuliko zamani. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi hii waliingia barabarani kuukataa mswada wa fedha, na tarehe 25 wakaingia hata Bungeni. Kitengela ulikuwa mmoja wa miji iliyoona maandamano. Mtu aweza kuwaunga mkono au asiwaunge, lakini somo moja ni wazi kwa kila mwenye macho: vijana wengi hawajawahi kuulizwa na mtu mzima, "Wewe waonaje? Kazi hii waiwezaje?" Katika kikosi cha watoto saba, yuko mtoto anayeulizwa hivyo kila juma, na akikosea hukosea katika jambo dogo. Udongo upate uli maji.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba nimelewa sifa. Yako mambo matatu ambayo mzazi lazima ayaulize kabla ya kutia sahihi.

La kwanza ni usalama wa mtoto. Kule Marekani chama cha maskauti kilijitangaza muflisi mwezi wa Februari 2020, baada ya watu zaidi ya 82,000 kudai kwamba walidhulumiwa kimwili utotoni na viongozi waliokabidhiwa. Malipo yaliyokubaliwa yalikuwa dola bilioni 2.46. Tusiseme hayo ni ya Wazungu. Mtu mwovu hutafuta mahali penye watoto, iwe skuli, iwe chuoni, iwe uwanja wa mpira. Uliza nani analala kambini na watoto. Uliza kama watu wazima ni wawili au zaidi kila wakati. Kiongozi mwema hatakasirika kuulizwa.

La pili ni gharama. Nguo kamili ya skauti, na mkanda, na kofia, si pesa ndogo kwa baba wa kibarua. Pale Entarara nilimpenda mwalimu kwa sababu hakumfukuza asiye na sare. Kundi linalomwacha mtoto maskini nje ya ua kwa ajili ya kaptula limekwisha poteza maana yake.

La tatu ni ile kazi yenyewe. Uliza: mwezi uliopita maskauti hawa walimsaidia nani? Kama jawabu ni kwamba walimpokea mkubwa, basi mtoto wako na abaki chuoni.

Nilirudi kwa maalim pamoja na yule mwalimu. Walikuwa hawajapata kuonana, ingawa walikuwa wakiwafundisha watoto wale wale. Maalim alisikiliza habari ya nailoni na mbuzi, akatikisa kichwa, kisha akasema kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na hilo hakuna Mwislamu asiyelijua. "Lakini saa," akasema, "saa zangu je?" Mwalimu akafikiri, akasema vikosi vyaweza kukutana saa nane, baada ya adhuhuri, kwa kuwa hata watoto wa Kimasai asubuhi huwa malishoni. Jambo lililowatesa kwa miezi lilimalizika kabla kahawa haijapoa. Halikuwa limewashinda; hawakuwa wamekaa pamoja tu.

Hukumu yangu kwa mpwa wangu ilikuwa hii: mtoto na aingie, anunuliwe skafu peke yake kwa sasa, na mmoja wa wazazi awe akienda naye mara kwa mara kutazama. Mpwa wangu alisema, "Nitakwenda mwenyewe, mjomba." Naam, na huo ndio ulinzi mkubwa kuliko barua yoyote.

Nikiwa njiani kurudi niliwaza habari zetu. Pwani yetu haina upungufu wa vijana wala wa kazi za kufanya. Tunao wazee walio peke yao majumbani Mji wa Kale, tunazo fuo zilizojaa chupa, na tunajua wote jinsi unga ulivyowamaliza watoto wa majirani zetu tukitazama. Tunazo madrasa, alhamdulillahi, na tunayo mipira. Lakini ni wapi mtoto wetu wa miaka 12 anapopewa na mtu mzima kazi ya kweli, yenye jirani wa kweli anayeingoja, na akaulizwa juma lijalo imefikia wapi? Zamani tulikuwa na msaragambo, kijana akatoka na jembe pamoja na babake. Leo baba yuko kazini au yuko Uarabuni, na jembe halipo.

Ikiwa hatuutaki uskauti, hapana neno, si faradhi. Lakini basi na tuseme tumeweka nini mahali pake.